Chini ya 4.3.5

Ukitaka kumuudhi Tereapii, mletee waraka ambao vichwa vyake vimekolezwa wino na kukuzwa kwa mkono. Ukitaka akununie wiki nzima, mletee ule ulioandikwa hata namba zake kwa mkono: moja, nukta, moja, nafasi, nafasi, nafasi, halafu maneno. Wenzake katika ofisi ya serikali pale Avarua, kisiwani Rarotonga, walimjua hivyo, na wale wakorofi walimletea makusudi ili wamsikie akifoka. Alikuwa mpiga chapa tangu enzi za mashine za kugonga. Kompyuta zilipokuja alizitazama kwa jicho la pembe, mpaka siku alipoonyeshwa mitindo ya vichwa. Siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, alipata dini ya pili.

Kwake jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na alishangaa watu wazima na akili zao wanashindwaje kulishika. Kichwa si maandishi makubwa. Kichwa ni nafasi ya mtu nyumbani. Unaiambia mashine kwamba huyu ni wa ngazi ya kwanza, na huyu ni wa ngazi ya pili, yuko chini ya yule. Basi, namba itajipangia yenyewe. Ukimwingiza mtu katikati, walio nyuma yake wanasogea kumpisha. Huna haja ya kufuta wala kuhesabu kwa vidole kama unagawa magimbi ya taro.

Ndiyo maana ukoo wa Ngaroi ulipokubaliana kukutana Rarotonga, wale wa hapa na wale waliosambaa New Zealand na Australia, na kutoa kitabu cha nasaba yao, hakuna aliyeuliza nani atakiandika. Papa Tuakeu, binamu wa marehemu baba yake Tereapii, polisi mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya mkutano, alifika kwake katika kijiji cha Titikaveka na pikipiki yake ndogo, akatua kibarazani mfuko wa plastiki uliovimba. Ndani mlikuwa na kurasa zilizochanwa kwenye madaftari ya shule, migongo ya ratiba za kanisani, na jani moja la kalenda lenye majina ya watu kumi na mmoja na doa la mchuzi.

"Pii, hao ndio jamaa zako," alisema. "Nusu yao hawajui walizaliwa mwaka gani, lakini wote wanataka picha zao zikae ukurasa wa mbele."

Tereapii aliifanya kazi ile jioni baada ya ofisi, mezani karibu na dirisha, wakati mumewe Tuaivi akifungua injini za watu uani. Mzee Ngaroi mwenyewe alikuwa jina la kitabu. Watoto wake sita wakawa vichwa vya ngazi ya kwanza, wajukuu ngazi ya pili, na kuendelea chini. Mashine inakubali ngazi tisa, zaidi ya hapo inagoma. Ukoo ulikuwa umefika ya sita, kwa hiyo hata ambao hawajazaliwa walikuwa na pa kukaa. Kwenye kidirisha cha pembeni aliweza kulikunja tawi zima likaingia chini ya babu yao, kisha akalikunjua wakamwagika tena. Alikuwa akicheza hivyo peke yake, akitabasamu. Babu yake alikuwa namba 4. Baba yake 4.3. Dada yake mkubwa, Tuaine, 4.3.1. Yeye mwenyewe, kitinda mimba, 4.3.5.

Tatizo lilizuka kwenye kikao cha kamati, Jumapili moja baada ya ibada, akina mama wakiwa hata hawajavua kofia zao nyeupe, sahani za rukau, yale majani ya taro yaliyopikwa kwa tui, na saladi ya mainese ya waridi zikiwa bado mezani. Nyumba mbili za tawi jingine zilikuwa zinagombania mtu mmoja. Alizaliwa kwa hawa, akalelewa kwa wale tangu kitovu hakijakauka. Mtoto wa kulishwa, kama tunavyowaita, na sioni nyumba katika kisiwa hiki isiyo na wake. Unampa mama yako, unampa dada yako, na wala si siri, kila mtu anajua. Ila kwenye kitabu mtu hawezi kukaa mahali pawili.

Papa Tuakeu alisimama, akanyoosha shati, akatoa hukumu. Kitabu kitafuata damu, kwa sababu siku moja kuna mtu atakibeba akipeleke kwenye mahakama ya ardhi, tutake tusitake. Mtoto wa kulishwa ataandikwa chini ya aliyemzaa, isipokuwa yeye mwenyewe, kama ni mtu mzima, aseme vinginevyo. Vichwa vikatikiswa kukubali. Hakuna aliyemtazama Tereapii, na walijitahidi mno kutomtazama, hata akaisikia shingo yake ikimwaka.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipojifungua Moeroa. Baba wa mtoto alikuwa kijana wa kisiwa cha Mangaia, mcheza ngoma hodari, na hodari zaidi wa kuondoka. Tuaine wakati huo alikuwa ameolewa miaka mingi, hana mtoto, na tayari tiketi za kuhamia Tokoroa kule New Zealand, kwenye viwanda vya mbao, zilikuwa kabatini. Mama yao ndiye aliyeamua. Hakuna aliyemuonea Tereapii, wala hakuna aliyepaza sauti. Mambo hayo huamuliwa na akina mama kwa upole, na upole huo ndio unaokufunga mdomo. Mtoto alipofikisha wiki mbili akafungwa blanketi, akapandishwa gari. Mama yao akawaambia wote wawili kwamba ukishampa mtu mtoto huendi kumchungulia dirishani kwake.

Tereapii hakuchungulia. Alipokea picha za shule, Moeroa na soksi zilizovutwa hadi magotini, akazitundika ukutani juu ya redio, mbele ya za wanawe wanne aliozaa baadaye na Tuaivi. Alimshonea tivaevae ya harusi, shuka la maua ya vitambaa, miaka miwili ya sindano. Alienda Tokoroa kumzika Tuaine, akamkuta Moeroa mtu mzima na watoto wawili, macho yamevimba, akamkumbatia kama mama mdogo yeyote anavyomkumbatia mtoto wa dada yake. Moeroa alimwita Mama Pii, kama kila mtoto wa kijiji anavyomwita. Mama tupu, bila jina nyuma yake, alikuwa Tuaine.

Basi jioni ya Jumatatu, baada ya kikao kile, Tereapii alifungua kitabu. Moeroa alikuwa pale alipomwandika mwanzoni bila hata kufikiri: 4.3.1.1, chini ya Tuaine, mtoto pekee. Akambofya kwenye kidirisha cha pembeni, akamburuta kumshusha taratibu, akiwapita kaka zake Tereapii wawili na dada yake mwingine na watoto wao wote, hadi chini ya jina lake, juu ya wanawe. Akaachia.

Mashine haikuuliza kitu. Mume wa Moeroa na watoto wake walikuja naye, kwa sababu kichwa kikihama kinahama na walio chini yake. Teokotai, mwanawe mkubwa, aliyekuwa wa kwanza, akawa wa pili, wa pili akawa wa tatu, wote wakasogea. 4.3.5.1, Moeroa. Tereapii aliweka mkono mdomoni. Miaka thelathini na mitano alikuwa ametamani jambo hili, nalo limechukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi.

Hakupenda kupanda juu kuangalia lilikotoka, lakini mpiga chapa mzuri huangalia. Chini ya Tuaine hapakuwa na kitu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, halafu moja kwa moja 4.3.2. Akalifunga tawi lile haraka.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Ofisini walimletea waraka wenye namba za mkono na hakufoka, hata wakaulizana kama anaumwa. Akirudi nyumbani alifungua kitabu kwanza, kabla ya kuweka maji ya chai, akasoma ukurasa wake kuanzia juu. Tereapii. Moeroa. Teokotai. Alikuwa akisoma kwa sauti ndogo. Tuaivi alimsikia akiwa mlangoni na mikono yenye grisi, akarudi uani, kwani mume mwenye busara anajua injini ipi si yake.

Kwa utaratibu wa kamati, rasimu ilitumwa kwa matawi yote wasahihishe. Majibu yakaja kwa fujo. Mmoja wa Sydney alilalamika kwamba ameandikwa mzee kuliko dada yake. Mwingine alitaka mume wa kwanza aondolewe kabisa kwenye historia. Kutoka Tokoroa hapakuja kitu. Tereapii alikuwa akitazama simu kila mara, roho juu, akijisemea kwamba watu wana kazi, watu wana watoto, na kwamba kimya si lazima kiwe kibaya. Moyoni alijua anajidanganya.

Jumamosi alasiri simu ikalia.

"Mama Pii," Moeroa alisema, "naona nimehama nyumba na sikuambiwa nifungashe."

Tereapii alicheka, kicheko chembamba, akaanza kueleza habari ya kikao, damu, mahakama ya ardhi. Alieleza mno. Alieleza hadi mambo ya ngazi, kwamba hakushushwa wala kupandishwa, ngazi ni ileile.

"Kanuni nimeisoma," Moeroa akamkata. "Papa Tuakeu ameiandika kama anamkamata mtu. Sikuulizi kanuni, nakuuliza wewe. Ulinitaka, au uliambiwa tu unihamishe?"

Tereapii akakaa chini. Nje Tuaivi alikuwa akijaribu kuwasha injini, inakohoa, inazima. Mama yake alishakufa, Tuaine alishakufa, na bado aliwasikia wote wawili wakinyamaza mle chumbani wakimngoja ajibu kistaarabu.

"Nilikutaka," akasema. "Nilikutaka siku ileile, gari halijafika hata barabarani. Nimekutaka siku zote, Moeroa. Ila sikuwa na ruhusa ya kusema."

Upande wa pili ilisikika televisheni, na mtoto akiulizia kiatu.

"Nilipokuja huko nikiwa msichana wa miaka kumi na mbili," Moeroa alisema mwishowe, "nilikuwa nakaa jikoni kwako kila jioni nikikungoja useme hivyo hivyo. Ulikuwa unanipakulia. Nikimaliza unaniongezea. Nilirudi Tokoroa nguo hazifungi."

"Sikujua kitu kingine cha kukupa."

"Nimejua baadaye. Wakati ule nilidhani unanifukuza kwa chakula." Wote wawili wakacheka, na kicheko kikawaharibikia katikati. Moeroa akapenga kamasi. "Sasa nisikilize. Nirudishe kwa Mama."

Tereapii akainua macho kwenye picha za ukutani, juu ya redio.

"Wewe ukurasa wako umejaa, Mama Pii. Wana wa kiume wanne na makabila yao. Yeye ukinitoa mimi anabaki jina na miaka miwili tu. Nilimwogesha mimi. Nilimchana nywele mpaka siku ya mwisho, na alikuwa mkali, hata akiwa mgonjwa ananiambia sijui kuchana. Siwezi kuja huko nikafungua kitabu nikamkuta amekaa peke yake."

"Sawa," Tereapii akasema.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika. Nimeumia tu. Acha niumie kidogo, mwanangu, itapita."

"Hata mimi," Moeroa akasema, na hakueleza ni kuumia kupi.

Walipoagana, Tereapii hakungoja kesho, kwa sababu alijijua. Alifungua kitabu, akambofya Moeroa, akamrudisha juu kwa njia ileile, akiwapita watu walewale, hadi chini ya Tuaine. Akaachia. Kisha akashuka kuangalia kwake. Teokotai alikuwa amerudi kuwa wa kwanza. Wa tatu amekuwa wa pili. Wote wamebanana vizuri, hapana ufa, hapana alama, utadhani hakuna mtu aliyewahi kukaa pale. Hiyo ndiyo sifa ya mashine aliyokuwa akiihubiri ofisini miaka yote, na sasa ilimkata maini. Aliichukia. Alilia kwa hasira, uso mbele ya kioo cha kompyuta, mpaka Tuaivi alipokuja kusimama nyuma yake na kumwekea mkono begani, grisi na yote.

Alipomaliza kulia alinawa uso, akampigia simu Teokotai, kwa kuwa namba aliyotaka kuigusa ilikuwa ya Teokotai. Huyo ni jitu la mtu, anapakua mizigo bandarini, na ana maneno kama redio. Alimsikiliza mama yake hadi mwisho bila mzaha hata mmoja. Kisha akasema yeye amekuwa wa pili maisha yake yote, na kama mama anabisha akatazame mwenyewe ukutani ni picha ya nani inayotangulia. Aandike anavyotaka.

Tereapii akarudi mezani. Akabofya namba iliyo mbele ya jina la Teokotai, akachagua kuiwekea thamani mwenyewe, na pale mashine ilipouliza ianze na ngapi, akaandika mbili. Kama mwenzake wa ofisini angemletea kitu cha namna hiyo, angemtolea uvivu mbele za watu. Chini ya 4.3.5 sasa palifuata 4.3.5.2. Akahifadhi.

Papa Tuakeu aliliona, bila shaka. Alikuja na nakala ya mwisho kabla haijaenda kupigwa chapa, kalamu nyekundu imechomekwa sikioni, akakaribishwa poke, ile keki laini ya papai na tui la nazi, akala kwanza. Halafu akafunua.

"Pii, mashine yako imelewa. Kila nyumba ina wa kwanza. Kwako tunaanzia wa pili."

"Haijalewa."

"Basi umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, Papa. Usiguse."

Mzee alitazama ukurasa, akamtazama yeye, akautazama ukurasa tena. Alikuwa amekaa polisi miaka mingi na alijua wakati wa kuacha kuuliza. Alichomoa kalamu sikioni, akaitia mfukoni, akasema poke ya leo imekuwa nzuri, kuna nyingine?

Ukoo ukafika. Ndege zikawatema kwa mafungu, wakavishwa ei, yale mashada ya maua, mpaka wakashindwa kugeuza shingo. Moeroa alishuka na mumewe na watoto, akamkumbatia Tereapii pale uwanja wa ndege, akamwita Mama Pii, kama siku zote. Tereapii alilitegea sikio jina hilo lote, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akambebea mtoto mdogo. Siku mbili walipika pamoja, wakachuma maua pamoja, wakazungumza habari za bei ya nauli na magonjwa ya watu. Hakuna aliyetaja simu ile. Jioni Tereapii alimpakulia chakula, akashika mwiko kumwongezea, akajizuia, akauweka chini.

Siku ya tatu watu walikusanyika ukumbini, kila tawi na rangi ya mashati yake, kila mtu na kitabu chake kipya chenye harufu ya wino, wakijipekua kutafuta makosa. Ni desturi yetu kwenye mikutano hii: majina yanasomwa yote, na mwenye jina anasimama aonwe. Aliyekufa, anasimama mtu wake. Papa Tuakeu alisoma kwa sauti ya gwaride. Tawi la nne, rangi ya manjano, lilifikiwa baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wameanza kusinzia. Aliposoma jina la Tuaine, Moeroa alisimama kwa ajili yake. Aliposoma 4.3.1.1, Moeroa alikuwa tayari amesimama, na watu wakapiga makofi. Tereapii alipiga makofi kuliko wote, viganja vikamuuma.

Yakasomwa majina ya kaka zake na ya yule dada mwingine, na ya watoto wao. Kisha la kwake. Tereapii akasimama, akapigiwa makofi, akabaki wima kama waliomtangulia walivyofanya, akiwangoja wanawe.

Papa Tuakeu alifunua ukurasa. Alifungua mdomo kusoma namba inayofuata, akaufunga. Mtu huyu, ambaye hajawahi kumsubiri mtu katika maisha yake, hata maharusi, aliinua macho kwenye kitabu akanyamaza. Teokotai alikuwa ameshanyanyuka nusu, akarudi kukaa. Kurasa zikaacha kuchakacha. Watu waliokuwa na kitabu mkononi waliona kwenye karatasi kile ambacho mzee hakukisoma, wakanyamaza nao. Tereapii alitazama viatu vyake. Alitamani ardhi impasukie, na alitamani kimya kile kisiishe.

Akasikia kiti kikisogea, mistari miwili mbele yake. Moeroa alikuwa amesimama tena. Hakugeuka, na hakuna aliyepiga makofi.

Alisimama hivyo muda ambao mtu mmoja husimama. Kisha akakaa, na Papa Tuakeu akasoma 4.3.5.2.